Mbano wa Waya: Historia ya Koleo la Fundi Umeme wa Magari katika Nchi ya Mnero, Nachingwea na Ruangwa

Katika ufundi wa umeme wa magari, koleo la kubania terminali ni kifaa kinachotajwa mara chache na kutegemewa kila siku. Terminali ni kile kichwa kidogo cha shaba kinachovishwa kwenye ncha ya waya ili waya huo uweze kuchomekwa kwenye swichi, kufungwa kwa skrubu kwenye bodi ya gari au kuunganishwa na mwenzake. Na kubana, kwa maana ya fundi, ni kuikandamiza shingo ya terminali juu ya nyuzi za waya mpaka shaba mbili ziwe kitu kimoja. Mafundi wengi wa Tanzania huliita koleo hilo plaizi tu, jina linalobebeshwa pia koleo la kukatia na koleo la kushikia nati, na uchache huo wa majina unaficha tofauti kubwa, kwa sababu kila kizazi cha magari kilichoingia nchini kilikuja na namna yake ya kuunganisha nyaya, ilhali kifaa cha kufanyia kazi hiyo kilibaki kiwandani kilikotoka. Kusini mwa Tanzania, ambako magari yaliwasili kwa mawimbi yenye tarehe zinazojulikana, historia hiyo inaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Mnero imo katika Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, katika ukanda unaopakana na Ruangwa, ambayo nayo ilikuwa sehemu ya Nachingwea hadi ilipokuwa wilaya mwaka 1995. Ni nchi ya Wamwera, yenye mikorosho, ufuta, mihogo na udongo mwekundu, na jina la Mnero limefungamana kwa muda mrefu na misheni ya Kikatoliki na hospitali yake. Mambo hayo mawili, mazao na hospitali, ndiyo yaliyolifanya gari kuwa hitaji na si anasa: korosho na ufuta havina faida vikibaki shambani, na mgonjwa wa kijiji cha mbali hana njia nyingine ya kufikishwa kwa daktari usiku. Lakini barabara za udongo zinalitikisa gari kutoka msimu hadi msimu, kiangazi kinalijaza vumbi laini kama unga, na masika yanaingiza unyevu katika kila tundu ambalo vumbi lilipita. Injini huyavumilia hayo kwa miaka. Kiungo cha waya kilichobanwa vibaya hakivumilii.

Sababu yake inafaa kuelezwa kabla ya kuingia katika tarehe. Waya wa gari haukutengenezwa kwa shaba moja nene kama waya wa nyumba, bali kwa nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja ndani ya ganda la plastiki, ili uweze kupinda na kutikisika bila kukatika. Nyuzi hizo zikishikwa na terminali kwa nguvu inayotosha, utando mwembamba wa oksidi ulio juu ya shaba hupasuka, shaba hugusa shaba, na hewa haipati nafasi ya kupita katikati. Zikishikwa kwa ulegevu, nafasi hubaki, hewa na maji huingia, kutu ya kijani huota, na ukinzani, yaani kile kizuizi ambacho umeme hukutana nacho njiani, huongezeka. Stata ya injini inaweza kuvuta ampea 200. Kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu kinaipokonya volti 2 kati ya 12 za betri, na volti hizo hazipotei bure, bali hugeuka joto la wati 400 mahali padogo kuliko kidole gumba. Dereva husema betri imekufa. Mara nyingi betri ni nzima na kilichokufa ni mbano.

Wimbi la kwanza kubwa la magari lilifika na Mradi wa Karanga. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikikabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilipokea mpango wa kulima karanga katika ekari 3,210,000 za Afrika, zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Tanganyika ilipangiwa mashamba 80, na 55 kati ya hayo yawe katika Jimbo la Kusini, ambako Nachingwea ilichaguliwa kuwa makao. Kazi ilianza mwaka 1947 chini ya Kampuni ya United Africa na mwaka uliofuata ikachukuliwa na Shirika la Chakula la Ng'ambo, ambalo lilikuwa la serikali. Katika jimbo lililokuwa na barabara chache na magari ya kuhesabika, yakaingia malori, matrekta na matingatinga, mengi yakiwa masalia ya vita, yakiwemo matrekta yaliyonunuliwa kutoka maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na yale yaliyoitwa Shervick, ambayo kiwanda cha Vickers-Armstrong kiliyatengeneza kutokana na vifaru vya Sherman. Reli kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ilifika Nachingwea mwaka 1949. Mapema mwaka 1951 mradi ulivunjwa baada ya kugharimu karibu pauni milioni 36, na wanahistoria wameuandika sana kama mfano wa mipango iliyofanywa bila kuuliza udongo wala mvua.

Kilichoandikwa kidogo ni kwamba mradi huo ulihitaji karakana, na karakana zilihitaji mikono. Mashine zilizochakaa kabla ya kufika hazingeweza kukaa porini bila watu wa kuzifungua na kuzifunga kila siku, na vijana wa Kiafrika walioajiriwa kama wasaidizi wa mafundi wa Kizungu walijifunza kwa kutazama, kama ufundi ulivyojifunzwa siku zote. Pembeni mwa mradi palikuwa na shule nyingine ya namna hiyo, yaani karakana za Wabenediktini, ambao walikuwa wamejenga Ndanda tangu mwaka 1906 na ambao katika vituo vyao vya kusini waliuona ufundi wa mikono kuwa sehemu ya kazi ya misheni. Ni haki kuzitaja njia hizo mbili pamoja, ingawa moja ilidumu miaka minne na nyingine imepita karne, kwa kuwa zote zilifundisha jambo lile lile juu ya waya: kwamba kiungo kizuri ni kile kilicholehemiwa.

Ndivyo ilivyokuwa katika magari ya Kiingereza ya wakati huo. Umeme wake ulitoka kwa kiasi kikubwa kwa kampuni ya Joseph Lucas ya Birmingham, na nyaya zake ziliunganishwa kwa vichwa vya shaba ya manjano vyenye umbo la risasi ya bunduki, unene wa milimita 4.7 hivi, ambavyo vililehemiwa kwenye ncha ya waya na kusukumwa ndani ya mkono mdogo wa chuma uliofunikwa mpira. Fundi aliyekuwa na kipande cha lehemu ya bati na risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 183 au zaidi kidogo, na chuma cha kulehemia kilichopashwa kwenye moto wa mkaa, aliweza kutengeneza kiungo sawa na cha kiwandani. Koleo maalumu halikuhitajika. Hata rangi za nyaya zilikuwa na utaratibu uliokaririwa kama hesabu: kahawia ilitoka kwenye betri bila kupita fyuzi, nyeupe ilifuata swichi ya kuwashia, buluu ilikwenda kwenye taa kubwa, nyeusi ilikwenda kwenye bodi. Gari la Land Rover, lililooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 na kuwa chombo cha mabwana shamba, mapadri na waganga, lilikuwa na umeme wa aina hiyo, na fundi aliyelijua hilo alijua karibu magari yote yaliyopita Nachingwea.

Kulehemu kuna kasoro yake, nayo inaonekana zaidi kwenye barabara mbovu kuliko kwenye lami. Lehemu ikiyeyuka hupanda ndani ya nyuzi kama mafuta yanavyopanda utambi, na mahali inapokoma waya uliokuwa laini huwa mgumu ghafla. Hapo ndipo mtikiso wa miezi mingi huukata, mara nyingi ndani ya ganda, mahali ambapo jicho haliuoni. Dawa ya kulehemia yenye tindikali, ile inayotumiwa na mafundi wa mabati, huongeza ubaya kwa kuila shaba polepole baada ya kazi kumalizika. Viwanda vya ndege viliitambua kasoro hiyo mapema. Mwaka 1941 nchini Marekani, Uncas A. Whitaker alianzisha kampuni ya Aircraft-Marine Products, iliyojulikana baadaye kwa kifupi kama AMP, kwa biashara ya terminali zisizolehemiwa, zinazobanwa kwa koleo lenye mataya yaliyochongwa kwa vipimo, na vita vikaieneza mbinu hiyo katika ndege na meli. Jambo la msingi katika uvumbuzi huo lilikuwa ndoa kati ya terminali na koleo lake: vyote viwili vilibuniwa pamoja, na kimoja bila kingine hakikuwa na thamani. Sehemu hiyo ya uvumbuzi ndiyo iliyochelewa kufika kusini mwa Tanganyika kwa zaidi ya miaka arobaini.

Baada ya mradi kufa, Nachingwea ilibaki na barabara, majengo na uwanja wa ndege, lakini reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mzigo wote ukarudi juu ya malori. Kuanzia mwaka 1965 hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, FRELIMO ilikuwa na kambi yake kuu ya mafunzo hapo, na kambi ya maelfu ya wapiganaji haiwezi kulishwa bila magari ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo kazi ya fundi haikupungua, ila njia ya kupata spea ilizidi kuwa ndefu, kwa kuwa Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni na masika yaliweza kuifunga barabara ya kwenda Dar es Salaam kwa wiki kadhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, bei ya mafuta kupanda na vita dhidi ya Idi Amin kumaliza fedha za kigeni, hata lehemu ikawa adimu. Hapo ndipo ulipokomaa mtindo unaoonekana hadi leo: ganda la waya linavuliwa kwa meno au kwa wembe, nyuzi zinasokotwa na nyuzi za waya mwingine, kisha kiungo kinazungushiwa nailoni au kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Haifai kuwahukumu mafundi wa miaka ile kwa mtindo huo. Ndio uliolifanya lori la korosho lifike Mtwara, na aliyeusokota waya alijua vizuri kuwa angeitwa tena kuusokota mwaka ujao.

Wimbi lililobadilisha ufundi kabisa lilianza mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na likakua baada ya makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika miaka ambayo malori ya Scania yaliyounganishwa na TAMCO huko Kibaha, yenye umeme wa volti 24, bado yalikuwa fahari ya barabara kuu, magari madogo na ya abiria yaliyokwisha kutumika Japani yalianza kuingia, kwanza kwa uchache, kisha kama mafuriko. Nyaya zake zilitengenezwa na viwanda kama Yazaki, iliyosajiliwa mwaka 1941 na mtu aliyekuwa akiuza nyaya za magari tangu mwaka 1929. Fundi aliyezoea vichwa vya Lucas alipolifungua soketi la plastiki la gari hilo alikuta kitu kipya: terminali iliyokatwa kutoka bati jembamba la shaba, isiyokuwa na shingo ya mviringo, bali yenye mabawa manne yaliyosimama wazi, mawili mafupi kwa ajili ya nyuzi na mawili marefu kwa ajili ya ganda la waya.

Mbano wa kiwandani wa terminali hiyo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake mna somo zima. Mabawa ya mbele hayakulazwa bapa juu ya nyuzi. Yamekunjwa yakaelekeana, kisha ncha zake zikazamishwa katikati ya nyuzi, hivi kwamba kiungo kikikatwa kwa msumeno mwembamba na kusuguliwa, sura inayoonekana inafanana na herufi B iliyolazwa, na nyuzi zilizokuwa mviringo zimebanana hadi kuwa na pembe, kama vyumba vya asali katika sega. Mwisho wa bawa, upande wa waya, umeachwa upanuke kidogo kama mdomo wa tarumbeta ili usizikate nyuzi. Mbele ya bawa nyuzi zinachungulia kiasi cha milimita moja. Mabawa ya nyuma yamelikumbatia ganda bila kulitoboa, na kazi yake ni kuupokea mtikiso ili usifike kwenye shaba. Kiungo hicho hakina lehemu hata tone, na kinaweza kudumu zaidi ya gari lenyewe.

Koleo la kuyakunja mabawa hayo halikuja pamoja na magari. Meli ilileta gari, kontena likaleta spea, lakini koleo lilibaki mikononi mwa mashine za Japani, kwa sababu aliyeunda gari hakumfikiria mtu atakayelirekebisha miaka kumi na mitano baadaye upande wa pili wa bahari. Gereji za Nachingwea, kama za kwingineko nchini, zilijibu kwa plaizi ya kawaida yenye ncha ndefu: bawa moja linalazwa, la pili linalazwa juu yake, kisha yote yanakandamizwa kwa nguvu za kiganja. Kwa macho kazi imekwisha. Lakini mabawa yaliyolazwa hayakuzama katikati ya nyuzi, na baada ya masika mawili taa moja huanza kufifia, au feni ya rejeta hugoma siku ya joto kali na kuanza tena jioni. Lawama iliangukia magari yenyewe, yakaitwa laini, yasiyoiweza barabara ya kusini. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Gari liliharibika hasa mahali lilipotengenezwa upya bila kifaa chake.

Kuvuka Rufiji kuliporahisishwa na Daraja la Mkapa mwaka 2003, bidhaa za Kariakoo zilizifikia gereji za kusini kwa siku moja au mbili, na miongoni mwake zilikuwamo plaizi za kubania. Ile iliyoenea zaidi ni ya bati la chuma lililokatwa kwa mashine, yenye mikono ya plastiki nyekundu au ya manjano, matundu ya kuvulia ganda la waya na matundu ya kukatia skrubu ndogo, na mdomoni mna alama tatu za rangi. Rangi hizo zinahusu terminali zilizokwisha kuvikwa plastiki: nyekundu kwa waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, buluu kwa waya wa 1.5 hadi 2.5, na manjano kwa waya wa 4 hadi 6. Kifaa hicho kina tatizo moja kubwa, kwamba hakijui kazi imekwisha lini. Mbano wa asubuhi, mkono ukiwa na nguvu, si sawa na mbano wa jioni, na hakuna kinachomwonya fundi.

Koleo lenye racheti ndilo linaloondoa shaka hiyo. Ndani ya mikono yake mna kipande chenye meno ambacho, mara kinapoanza kukamata, hakiruhusu koleo kufunguka mpaka mataya yafike mwisho wa safari yake. Mkono dhaifu na mkono wenye nguvu hutoa mbano ule ule, na kitufe kidogo pembeni hutumika tu kulifungua terminali ikikaa vibaya. Hata hivyo racheti peke yake si kigezo cha kutosha, na hapa wanunuzi wengi wamepoteza fedha. Mataya yenye vidimbwi vya duaradufu ni kwa terminali zenye plastiki. Mataya yenye umbo la moyo uliogeuzwa, yakiwa na ngazi mbili za upana, ni kwa terminali za mabawa. Ya kwanza yakitumiwa kwenye mabawa huyalaza bapa, na ya pili yakitumiwa kwenye plastiki huipasua. Kwa kuwa gari la Kijapani halina terminali za rangi hata moja kutoka kiwandani, fundi wa Mnero mwenye fedha za koleo moja anafaa kununua la mabawa kwanza, au lile lenye mataya yanayobadilishwa kwa kufungua skrubu mbili. Kabla ya kulipa, alifunge koleo tupu na kulielekeza kwenye mwanga: mataya yakiacha upenyo upande mmoja na kugusana upande mwingine, au mhimili ukicheza, halitabana sawa hata likiwa jipya. Jaribio la mwisho ni la mkono: waya uliobanwa hushikwa kwa nguvu na kuvutwa, na waya mwembamba unapaswa kukatika wenyewe kabla ya kuchomoka kwenye terminali.

Nyaya nene za betri ni habari nyingine. Terminali yake ni bomba zito la shaba, na wengi hulipiga kwa nyundo na patasi au kulijaza risasi iliyoyeyushwa, ilhali koleo la haidroliki, linalosukumwa kwa mafuta kama jeki, hulibana kwa umbo la pembe sita na kulifanya kuwa kipande kimoja. Si kila fundi anahitaji kuwa nalo. Linaweza kumilikiwa na gereji kadhaa kwa pamoja, kama mashine ya kuchomelea inavyokodishwa tayari. Kwa gari la wagonjwa, ambalo lazima liwake mara ya kwanza saa nane za usiku, tofauti kati ya nyundo na koleo hilo ni kubwa kuliko bei yake.

Pikipiki za bodaboda, zilizopewa kanuni zake za leseni mwaka 2010, zimewaleta vijana wengi katika ufundi huu kuliko magari yalivyowahi kufanya, na terminali zake pia ni za mabawa, ndogo zaidi. Mafunzo rasmi yapo, chini ya VETA iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, lakini wengi bado wanajifunza chini ya mwembe wa gereji, kwa kutazama, kama waliowatangulia walivyojifunza kwenye mashine za karanga. Wakati huohuo uchimbaji wa madini ya kinywe na dhahabu huko Ruangwa unaleta wimbi jipya la malori na magari ya kazi, ambayo kompyuta zake zinazungumza kwa ishara za volti chache kupitia nyaya za milimita za mraba 0.35, na terminali zake zimevishwa vizibo vidogo vya mpira ili maji yasiingie. Tundu dogo kuliko yote katika koleo lililozoeleka ni la 0.5. Waya wa 0.35 ukibanwa humo unashika, unapitisha umeme, na siku ya kwanza gari linaondoka gereji bila taa ya onyo kwenye dashibodi.